Walioitikia Amina

Bi Mwanahawa hakupiga hodi. Aliingia uani, akatua tenga lake mbele ya mlango wa Mwasiti, akalifudikiza, kisha akaketi chini kando yake na kunyoosha miguu. Umande ulikuwa haujakauka kwenye pindo la kaniki yake. Alikuwa ametoka Mahurunga kabla ya adhana ya alfajiri.

Watu wa Ziwani, kijiji cha Mwasiti, na wa vijiji vyote vinavyoteremka hadi mtoni Ruvuma, walijua maana ya tenga lililofudikizwa mlangoni. Mtu amekuja kuomba mbegu. Mwombaji wa mbegu hasemi neno, maana njaa yake inajulikana na hakuna haja ya kumtamkisha. Mwenye nyumba hulifunua tenga, akalijaza, na mwombaji akajitwisha akaenda zake bila kushukuru. Hapakuwa na mzee aliyekumbuka tenga lililoachwa limefudikizwa.

Mwasiti aliacha mchi ndani ya kinu. Huyu hakuwa mwombaji wa kupita njia. Alikuwa mama mkwe wa Mastura, binti yake wa pekee, ambaye wakati ule alikuwa mjamzito.

"Karibu, bibiye. Za Mahurunga?"

"Za Mahurunga unazijua."

Kweli alizijua. Ulikuwa mwaka wa pili muhogo unaoza. Ungetazama shamba ukasema Mungu ametoa, majani mabichi, mashina manene, chimba sasa. Ndani ya mizizi mlikuwa na mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo, na ukiupika, hata mbuzi anageuza kichwa. Watu walikuwa wanakula ming'oko ya porini na maembe mabichi. Shamba moja tu lilikuwa zima, lile lililokuwa nyuma ya nyumba ya Mwasiti. Muhogo wake waliuita wa ng'ambo, kwa sababu bibi yake Mwasiti alivuka nao Ruvuma akimkimbia Mreno na shokoa, kazi zake za kulazimishwa, miti kichwani na mtoto mgongoni. Kutoka kwa bibi ulikwenda kwa mama, na kutoka kwa mama ukaja kwa Mwasiti.

Mumewe, Thabiti, alitoka ndani akasimama. Alikuwa mtu wa msikitini, mpole, mtu wa kurudisha sindano aliyoazimwa mwaka juzi na kuomba radhi kwa kuchelewa. Alilitazama lile tenga kama mtu anayetazama kaburi la nduguye.

"Mama," alisema, "mimi nimefungwa."

"Umefungwa na nani? Nakuona umesimama."

Akamweleza, ingawa mwenzake alikwishasikia kama wengine. Alikuja Bwana Abeid, mwalimu wa chuo kikuu kule bara, mtu wa Kilwa kwa kuzaliwa. Akachimba, akapima, akakata vipande akavitia kwenye chupa. Akaomba shamba lile lihifadhiwe, usitoke mti hata mmoja mpaka chuo kimalize majaribio yake na kuitia mbegu muhuri wake. Thabiti akatia dole gumba kwenye karatasi. Halafu Bwana Abeid akakunjua mikono akasema, "Tuisome Fatiha." Wakaisoma, yeye na Thabiti na jumbe na shehe wa msikiti. Ile karatasi Thabiti aliisahau wiki ileile. Fatiha hakuisahau.

"Kwa hiyo tenga langu lirudi lilivyo?" Bi Mwanahawa aliuliza.

"Subiri chuo kimalize, mama."

"Na tumbo la mjukuu wetu nalo lisubiri chuo?"

Bi Mwanahawa akainuka, akalichukua tenga lake. Hakulitia kichwani. Alilining'iniza mkononi, mdomo chini, akapita nalo katikati ya kijiji polepole, na wanawake waliokuwa kisimani wakaacha kuvuta maji wakamtazama.

* * *

Ijumaa iliyofuata Mastura alirudi kwao. Alikuja na mumewe, Mohamedi, aliyembebea mkeka na furushi la nguo. Kijana yule hakuinua macho tangu alipoingia uani hadi alipotoka.

"Mama amesema akae huku kwenu mpaka ajifungue," alisema. "Huku chakula kipo."

"Na akishajifungua?" Mwasiti aliuliza.

Mohamedi akachora mchanga kwa kidole cha mguu. "Mama amesema tutaona, mama."

Maneno yalikuwa ya adabu, hakuna atakayeyakosoa. Lakini binti aliyerudishwa na mkeka wake haendi kwao kutembea. Hata vifaranga vya pale uani vilijua. Mastura aliutandika ule mkeka ukumbini, akalala akiutazama ukuta, na alipoitwa kula alisema ameshiba.

Watu wa Ziwani nao hawakuwa nyuma. Nyumbani kwa jumbe kulikuwa na hitima, na Mwasiti akapeleka chungu cha muhogo wa nazi kama kila mtu alivyopeleka alichonacho. Chungu kilipita mikononi mwa wanawake kutoka huyu hadi yule, mfuniko haukufunuliwa, kikamfikia tena mwenyewe kingali na moto.

"Utuwie radhi, Bi Mwasiti," alisema Zuhura, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye ulimi usiopoa. "Tunaogopa tusije tukala mali ya chuo kikuu. Polisi watakuja kutupasua matumbo waitafute."

Wanawake walicheka, na Mwasiti akacheka nao ili asilie. Alirudi na chungu chake kichwani, na njia yote alikuwa akisema peke yake kama mwendawazimu. Ni hao hao waliokuwa wakiazimana naye chumvi. Na walikuwa na haki, hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Baba Mastura," alimwambia mumewe walipoketi, "mtoto wako anaachika."

"Najua."

"Kwa ajili ya miti."

"Si kwa ajili ya miti. Kwa ajili ya ahadi." Thabiti alikuwa ameshika tasbihi lakini haivuti. "Unadhani mimi sioni? Jana nimempita msikitini rafiki yangu wa utotoni, hakuniitikia salamu. Lakini nimeinua mikono mbele ya Mungu, mke wangu. Ukitaka niivunje Fatiha, sema. Sema, nami nitakwenda kukata sasa hivi, dhambi tutagawana."

Mwasiti alimtazama. Alimpenda mtu huyu kwa lile lile lililokuwa linamwangamizia mtoto.

"Basi nitamfuata Bwana Abeid Mtwara," alisema. "Aliyefunga ndiye afungue."

* * *

Mtwara ya siku zile ulikuwa mji uliojengwa ili kusafirisha karanga za mashamba ya Waingereza, na karanga zenyewe hazikuja. Barabara pana za kupitisha malori hazikuwa na malori, reli ilikuwa inaota majani, na nyumba za mbao za mabwana waliokwisha kwenda zao zilipangishwa kwa yeyote. Bwana Abeid alikuwa amepewa na chuo moja ya nyumba hizo nyuma ya maduka ya Chikongola. Barazani kulikuwa na mikebe mingi iliyooteshwa mihogo, kila mmoja na kibandiko chake.

Mpishi alimtokea Mwasiti kabla hajamaliza kupiga hodi.

"Wauza kuku wanapitia nyuma."

"Mimi sina kuku. Namtaka Bwana Abeid."

"Wenye shida zao wanapitia nyuma vilevile."

Basi akazunguka nyuma, akaketi juu ya gogo la kupasulia kuni, miguu imejaa vumbi la njia. Angeweza kumwambia mpishi kwamba ile mihogo iliyokaa barazani kwenye kivuli ilikuwa yake, lakini nani angemsikiliza? Bwana Abeid alipokuja kunawa mikono pipani ndipo alipomwona. Alishtuka, akamwomba radhi mara nyingi, akamleta mbele, akamvutia kiti. Hakuwa mtu mbaya. Hilo Mwasiti aliliona, na lilimkera, maana mtu mbaya ni rahisi kusema naye.

Alimweleza yote: mizizi iliyooza, tenga, mkeka wa Mastura, chungu kilichorudi. Bwana Abeid alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama," alisema, "nisikilize nami. Mbegu yako ni kitu kikubwa kuliko unavyodhani. Kuna wenye mashamba makubwa huko kaskazini wanaitafuta mbegu ya namna hii. Ikitoka mikononi mwetu kabla chuo hakijaandikisha kuwa ni yake, wataichukua, wataipa jina lao, kisha ninyi wenyewe mtainunua kwao. Ndiyo maana nikasema isitoke. Naizuia ili isiibiwe."

"Chuo kiandikishe kuwa ni yake," Mwasiti alirudia. "Ni yake tangu lini?"

Bwana Abeid alivitazama vibandiko vya mikebe.

"Na habari yake," Mwasiti aliendelea, "kwamba haiozi, umemwambia nani?"

"Hiyo nimeiandika. Elimu haifichwi, mama. Imepigwa chapa katika kitabu cha chuo, imekwenda Ulaya. Yeyote anayetaka kusoma atasoma."

"Basi Ulaya wanajua."

"Wanajua."

"Na Mahurunga wenye njaa wanajua, maana wameliona shamba kwa macho. Kila mtu anajua, ila mti wenyewe hakuna wa kuugusa." Alisema bila hasira, kama mtu anayejaribu kuelewa bei ya kitu dukani. "Bwana, hiyo elimu isiyofichwa, nitampikia nini Mastura?"

Yule mwalimu aliondoka kitini akaenda kusimama kwenye nguzo ya baraza. Alisema angemwandikia mkubwa wake. Alisema amekwisha kumwandikia tangu ugonjwa uanze, na jibu lilikuwa wasubiri. Alisema lau ingekuwa shauri lake peke yake angefungua leo. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli na anayeona kweli hiyo haimsaidii mtu.

"Sawa. Chuo kina wakubwa wake," Mwasiti alisema. "Lakini Fatiha si ya chuo. Kwa nini mliisoma? Wewe ni mtu wa pwani. Ulijua mume wangu ataichukuaje?"

"Nilijua," Bwana Abeid alisema. "Karatasi isingemzuia. Nilijua Fatiha itamzuia."

Mwasiti alikuwa amekuja tayari kusikia kwamba ilikuwa heshima tu, desturi ya kumaliza mazungumzo. Huyu alikuwa amelitumia neno la Mungu kama kitanzi, na sasa alikuwa amesimama pale na shati lake safi, ana aibu.

"Siku ile," aliuliza, "walioitikia amina ni akina nani?"

"Mumeo. Jumbe. Shehe. Na mimi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Nadhani..." Alijaribu kukumbuka. "Nadhani ulikuwa jikoni, mama."

"Nilikuwa nakuna nazi yenu," Mwasiti alisema, akainuka, akajifunga khanga vizuri. Bwana Abeid alimwomba angoje apatiwe gari la kumfikisha. Alikataa. Alishuka barazani kwa ngazi za mbele.

* * *

Kesho yake, jua likiwa limekwishapanda na kijiji kizima kinatazama, alichukua panga akaingia shambani. Mastura alimfuata na tumbo lake, akawa anaokota miti na kuifunga mizigo. Thabiti alitoka mbio msikitini, kanzu ameishika mkononi.

"Mama Mastura! Unafanya nini?"

"Nakata mbegu."

"Bwana Abeid amekufungulia?"

"Hakufungua. Nimeona hakunifunga." Panga halikusimama. "Wewe uliisoma Fatiha, baba Mastura, na mimi sikuambii uivunje. Ishike. Lakini hakuna aliyeniita siku ile, hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuitikia amina."

"Mimi ni mume wako!"

"Ni mume wangu, na nakuheshimu. Lakini mihogo ya bibi yangu hukuioa."

Zuhura mwenyewe alikosa la kusema, jambo lililokuwa geni Ziwani. Thabiti angeweza kumnyang'anya panga; alikuwa na nguvu za kutosha na wangekuwapo wa kumsifu. Hakufanya hivyo. Aliketi chini kwenye tuta, akajifuta uso kwa pindo la kanzu.

"Haya," alisema. "Ni yako. Lakini mimi niliahidi, na miti imetoka. Kuanzia leo sitatia mdomoni kitu cha shamba hili."

Mwasiti alifikiri ni hasira, itapita. Akajitwisha mzigo wake, Mastura akajitwisha furushi lake la nguo, wakashika njia ya Mahurunga. Bi Mwanahawa aliwakuta mlangoni kwake. Hakushukuru, kama inavyopasa. Aliutazama mzigo wa miti, akamtazama Mastura aliyevimba miguu, kisha akanyoosha mikono akalitua lile furushi kutoka kichwani mwake na kuliingiza ndani.

Baada ya hapo matenga yalikuja mengi, ya Ziwani na ya mbali, mpaka shamba likabaki visiki. Na Thabiti alilishika neno lake. Hata visiki vilipochipua na shamba likarudi, hakula muhogo wake wala kisamvu chake. Alifanya vibarua kwa watu, akanunua mtama, na Mwasiti akawa anapika vyungu viwili, kimoja cha mumewe na kimoja chake. Waliongea vizuri, walicheka wakati mwingine. Lakini mke akipika vyungu viwili, mumewe akanawa mikono akageukia upande wake, mtu huyo ameachika nusu, na Mwasiti alilia si mara moja akiwa peke yake jikoni.

* * *

Mtoto wa Mastura alikuwa anasimama dede Bwana Abeid alipotokea tena. Hakuja na gari. Alikuja kwa miguu, amekonda, shati limeloa jasho, akakaribishwa kwenye mkeka uani. Mastura alikuwa amekuja kuwatembelea wazazi. Alipomtambua mgeni alimbeba mwanawe akasogea naye mbali.

"Yamekuwa niliyoyaogopa," mwalimu alimwambia Thabiti. "Mtu wa shamba kubwa moja alipita vijijini chini huko. Alipewa mizigo ya miti kwa gunia la chumvi. Sasa mbegu ina jina la shamba lake, na wanaoitaka wanauziwa. Chuo kimeona hakina tena chake. Majaribio yamefungwa, bustani yake imelimwa kwa trekta. Mikebe ile nayo imetupwa."

Aliyasema bila lawama, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Mwasiti, aliyekuwa anachambua mchicha kizingitini, aliacha kuchambua. Kumbe mtu huyu hakumdanganya. Mbegu ya bibi yake ilikuwa inauzwa mahali fulani kwa jina la mtu asiyewahi kuiona Ruvuma. Na Mahurunga walikuwa wamevuna na kula. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakujua aweke lipi juu ya jingine. Hakujuta. Lakini alimwonea huruma, na alijionea huruma mwenyewe.

"Na wewe sasa?" Thabiti aliuliza.

"Nimeacha chuo. Nakwenda kufundisha shule kwetu, Kilwa. Mama yangu ameniletea habari kwamba muhogo wa kwetu nao umeanza kuoza." Alitazama mikono yake. "Miaka yangu yote ile, leo sina mti hata mmoja. Nimekuja kukuomba, mzee wangu. Safari hii si kwa chuo."

Mwasiti alimwona Thabiti akiutazama uso wa yule mtu aliyemfunga, na akangoja asikie hasira aliyoificha kwa muda wote ule.

"Mimi usiniombe," Thabiti alisema. "Siku ile tulikaa hapa hapa, watu wazima wanne, tukamwahidi Mungu kitu cha mtu mwingine. Nimekula mtama mwaka mzima kwa ajili hiyo. Mwenyewe yule pale."

Bwana Abeid aligeuka. Aliinuka kutoka mkekani, akaja hadi kizingitini, na kwa kuwa Mwasiti alikuwa ameketi chini, naye akachuchumaa.

"Mama," alisema, "naomba mbegu."

"Mama!" Mastura alipaza sauti kutoka upande wa pili wa ua, mtoto kiunoni. "Huyu? Nilirudishwa na mkeka wangu kwa ajili ya huyu. Akanunue kama wanavyonunua wenziwe!"

Mwasiti alikumbuka gogo la kuni na ngazi za mbele. Angemkatalia, hakuna mtu Ziwani ambaye angemlaumu, na labda usingizi wa siku ile ungekuwa mtamu. Alimtazama mtu mzima aliyechuchumaa mbele yake, akafikiria mwanamke wa Kilwa asiyemjua, anachimba shimo baada ya shimo na kuukuta muhogo umeoza.

"Kwao nako mihogo inaoza, mwanangu," alisema.

Akasukuma ungo wa mchicha kando, akainuka, akachomoa panga lililochomekwa kwenye makuti ya ukuta.

"Mzigo mmoja utakutosha," alimuuliza, "au kwenu mko wengi?"